Kujenga Nyumba ya Jamaa: Hesabu Ianzie Paani

Msafiri atokaye Taveta kwenda Loitokitok kwa njia ya Njukini huliacha Ziwa Chala mkono wa kushoto, na Mlima Kilimanjaro nao u upande huo huo, aghalabu umejifunika mawingu. Nchi hii ni nzuri kwa migomba na mahindi, na watu wake wanapenda kujenga. Lakini hapa, kama katika sehemu nyingi za Kenya, nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana. Kwa sababu hiyo huonekana kitu ambacho chapaswa kumhuzunisha kila mtu mwenye kujua thamani ya jasho, nacho ni kuta zilizosimama bila paa, mvua ikizipiga juu, na majani yakiota pale palipokusudiwa kuwa chumba cha kulala.

Somo letu la juma hili ni kwa ajili ya watu wajengao wenyewe, kwa fedha yao wenyewe, wakisaidiwa na fundi mmoja au wawili na vijana wa jamaa. Twataka kueleza namna ya kuinua nyumba toka ardhini mpaka paani katika nchi yenye misimu miwili ya mvua, bila ya kuacha nusu ya mali ichukuliwe na maji.

Mwenye ukuta usio na paa akiulizwa, hujibu, "Nangoja fedha ya mabati." Jibu hili laonekana kuwa la haki, lakini ndani yake mna kosa. Ukuta umeumbwa kupigwa na mvua ubavuni kidogo tu, wala haukuumbwa kunyeshewa kichwani. Maji yakiingia kwa juu hushuka katika maungo ya matofali, huosha udongo uliotumiwa kuunganisha, na kozi za juu hulegea. Ikiwa matofali ni ya udongo usiochomwa, huvimba na kumeguka. Kisha huja upepo, maana katika nchi hii upepo hutangulia mvua, ukausukuma ukuta mrefu usioshikwa na kitu juu. Mtu aliyengoja misimu miwili akapata fedha ya mabati huona kwamba kwanza lazima abomoe futi mbili au tatu za ukuta na kuzijenga upya. Basi fedha ya mabati huenda katika matofali, na paa hungoja tena.

Wazee wetu hawakufanya hivi. Mtu aliyejenga nyumba ya miti na udongo alichimbia nguzo, akafunga fito, akaezeka kwa nyasi au makuti, na baada ya hayo ndipo akakandika udongo. Udongo ulikauka polepole chini ya kivuli, na mvua ikija ghafula kazi haikuharibika, maana paa lilikuwa limetangulia. Sisi tulipochukua matofali na saruji tuligeuza utaratibu, tukaweka ukuta kwanza na paa mwisho. Hatukuwa na budi, kwa kuwa paa la mabati hulala juu ya ukuta. Lakini twaweza kuurudisha utaratibu wa wazee katika hesabu, hata kama hatuwezi kuurudisha katika kazi. Maana yake ni kwamba mabati yawe yamenunuliwa, au fedha yake iwe imewekwa kando isiguswe, kabla ya tofali la kwanza la ukuta kulazwa juu ya msingi.

Na tutoe mfano. Mtu mmoja ana mke na watoto watano, nao wanakaa katika nyumba ya zamani inayovuja. Ameuza ng'ombe wawili na mavuno ya msimu mmoja. Fundi amemwambia kwamba fedha hiyo yatosha kufikisha ukuta mpaka juu ya madirisha. Mume afurahi, kwa kuwa jirani wataona ukuta. Lakini mkewe amwambia, "Baba watoto, ng'ombe tumeuza, na ukuta tutauona. Mvua ikinyesha tutalala ndani ya ukuta?" Mume amjibu, "Mama, fedha nyingine itapatikana mwakani." Naye mke asema, "Basi ya mwaka huu na ichimbe msingi na kununua mabati, na ya mwakani ijenge ukuta." Mke huyu ndiye mwenye hesabu iliyo sahihi. Msingi wa mawe na zege waweza kungoja mwaka mzima bila kuharibika, na mabati yakitunzwa vema yaweza kungoja pia. Ukuta peke yake ndio usioweza kungoja.

Sasa tuitazame kalenda. Mvua ya masika hunyesha tangu Machi mpaka Mei, na mvua ya vuli tangu Oktoba mpaka Desemba. Kati ya vuli na masika kuna ukavu mfupi wa Januari na Februari, na baada ya masika kuna ukavu mrefu wa Juni mpaka Septemba. Ukavu mfupi wafaa kwa kukusanya mawe na mchanga na kuchimba msingi. Ukavu mrefu ndio wa kuta na paa. Mtu aanzaye ukuta mwezi wa Juni ana karibu miezi minne, na aanzaye Septemba yuko katika bahati nasibu.

Wako watakaosema kwamba siku hizi mvua haina kalenda. Ni kweli kwamba misimu hubadilika. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilikata reli na barabara katika sehemu nyingi za Kenya. Mwaka 1997 mpaka 1998 ilikuja ile iitwayo El Nino. Vuli ya 2019 na ya 2023 zilipita kiasi, na masika ya 2024 ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Na katikati ya miaka hiyo, tangu vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikuwa haba katika kaunti kame, na Taita Taveta ni mojawapo. Mtu aliyejenga katika miaka mitatu hiyo ya ukavu alidhani kwamba mtaro na upenu ni gharama za bure. Mwaka 2023 ulimfundisha. Nyumba hujengwa kwa kuifikiria mvua kubwa kuliko zote ambazo wazee wa mahali hapo wanaikumbuka, si mvua ya mwaka jana.

Kwa hiyo, kabla ya kupima kiwanja, nenda ukawaulize wazee maji hupita wapi. Tena nenda mwenyewe wakati mvua inanyesha, ukasimame pale. Nchi ya Njukini huteremka kutoka upande wa Kilimanjaro, na maji ya mvua yanyeshayo mbali juu yaweza kufika shambani kwako hali kwako kumenyesha manyunyu tu. Kijito kikavu si kiwanja, hata kama ardhi yake ni tambarare na bei yake ni ndogo. Huko chini zaidi, Mto Lumi, ambao huingia katika Ziwa Jipe, hufurika na kuingia katika mashamba na nyumba za watu waliojenga karibu nao. Chagua mahali palipoinuka kidogo. Na upande wa juu wa kiwanja, hatua kumi hivi kutoka mahali pa nyumba, chimba mtaro wa kukinga maji, wenye upana wa futi 2 na kina cha futi moja na nusu, upinde mfano wa mwezi mchanga ili maji yagawanyike kushoto na kulia. Mtaro huu huchimbwa kabla ya msingi. Watu wengi huuchimba baada ya nyumba kwisha, maji yakiisha kuingia sebuleni.

Kisha chimba shimo la kujaribu udongo, lenye kina cha urefu wa mtu mpaka kifuani. Sehemu nyingine za nchi hii zina mawe meusi ya volkano karibu na uso wa ardhi, na mwenye kiwanja kama hicho ana bahati, maana msingi wake umekwisha kuandaliwa. Lakini mabondeni hupatikana udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua. Udongo huu huinua nyumba na kuishusha kila mwaka, na nyufa hutokea kwenye pembe za milango na madirisha. Ukiwa mwembamba, uondoe wote mpaka ufikie ardhi ngumu. Ukiwa na kina kirefu, hamisha nyumba. Hakuna dawa nyingine ambayo mtu wa mapato ya kawaida aweza kuilipia.

Handaki la msingi liwe na upana wa futi 2, na kina chake ni pale ardhi ngumu inapopatikana, lakini kisipungue futi 2 na nusu. Lisichimbwe kama mawe, mchanga na saruji havijafika kiwanjani. Handaki lililo wazi likinyeshewa, chini yake hugeuka kuwa tope. Hapa mafundi wengi hufanya kosa. Huteka maji kwa ndoo, na pakionekana pakavu humwaga zege juu ya tope lile lile. Tope si ardhi. Lazima likwanguliwe kwa jembe mpaka jembe ligonge mahali pagumu tena, hata kama handaki litaongezeka inchi 4 au 6.

Zege la msingi laweza kuchanganywa kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 3 na kokoto 6. Tumia debe au sanduku moja kwa vyote, wala usikisie kwa koleo. Maji yawe kiasi tu, maana mchanganyiko unaotiririka kama uji hauna nguvu. Juu ya zege lazwe mawe au matofali magumu mpaka msingi usimame futi moja na nusu juu ya ardhi. Kimo hiki huwauma wengi, kwa kuwa ni mawe mengi yasiyoonekana kuwa chumba. Lakini maji ya mvua yakianguka chini hurukia ukuta mpaka karibu futi moja, na matofali ya udongo hayawezi kustahimili kurukiwa hivyo miaka mingi. Mwishowe, juu ya msingi wote, bila kuacha pengo, tandika kizuizi cha unyevu, yaani karatasi nzito ya lami au nailoni nene. Bila hicho ukuta hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi unyonyavyo mafuta, na lipu ya ndani hubanduka kila mwaka hata kama paa ni zima kabisa.

Udongo wa kujaza ndani ya msingi usitupwe wote kwa siku moja. Utiwe inchi 6, unyunyiziwe maji kidogo, ushindiliwe kwa gogo, kisha inchi 6 nyingine. Ukijazwa wote pamoja hushuka baadaye, na sakafu hupasuka katikati.

Tumesema mabati yangoje. Lakini yangojeje? Mabati yaliyolazwa chini, moja juu ya jingine, hali maji yameingia katikati yake, hushikwa na kutu nyeupe, na ngao yake ya zinki huliwa kabla hayajapanda paani. Yasimamishwe yameinama kidogo ndani ya nyumba, juu ya vipande vya mbao, mahali pakavu penye hewa. Saruji haina subira kama ya mabati. Mfuko wa kilo 50 uliokaa miezi mitatu katika chumba chenye unyevu umekwisha kupoteza nguvu nyingi. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyonunuliwa kwanza itumiwe kwanza. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, mfuko huo usitie katika msingi wala katika mkanda. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na toka hapo bidhaa hii haikuwa tena ya meli za kutoka ng'ambo tu. Huhitaji kuinunua Machi kwa kazi ya Juni.

Sasa tupige hesabu ya paa, maana tumesema ndiyo ianzayo. Tuseme nyumba ina urefu wa futi 30 na upana wa futi 20. Upenu utokeze futi 2 kila upande. Basi paa litafunika futi 34 kwa 24. Kila upande wa paa utakuwa na nusu ya upana, yaani futi 12, na mgongo uinuke futi 4 juu ya ncha ya upenu. Kwa mwinamo huo, urefu wa mteremko ni karibu futi 12 na inchi 8. Mabati mawili ya meta 2, yakilaliana inchi 6, hutoa futi 12 na inchi 7, na inchi iliyobaki hufunikwa na bati la kofia mgongoni. Bati likishalaliwa na mwenzake, likiwa limebaki kufunika futi 2 na nusu, basi futi 34 zahitaji mabati 14 kwa safu moja. Safu ni 2 kila upande, na pande ni 2, kwa hiyo mabati ni 56. Nunua 58. Twaona faida ya kuanza na paa: tukichagua mwinamo unaolingana na urefu wa bati linalouzwa dukani, hatukati wala hatutupi. Anayejenga ukuta kwanza kwa upana wowote hugundua baadaye kwamba bati lampungukia nusu futi, na nusu futi hiyo hulipiwa bati zima.

Kuhusu matofali, msomaji aweza kutumia mawe, matofali ya kuchoma, au matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayo ya mwisho yafaa sana mahali ambapo kuni za kuchomea ni adimu. Mashine ndogo ya namna hiyo, iitwayo CINVA-Ram, ilibuniwa Colombia, katika Marekani ya Kusini, mwaka 1956, na mashine nyingi zilizotumika Afrika baadaye ni ndugu zake. Lakini si kila udongo wafaa, wala udongo wa juu wenye mizizi haufai kamwe. Tengeneza kisanduku cha urefu wa inchi 24, upana na kina cha inchi 1 na nusu. Kipake mafuta, kijaze udongo uliolowana, ukaushe juani siku tatu au kivulini siku saba. Udongo ukikauka utajikunja. Usukume wote upande mmoja, upime pengo. Likiwa halizidi nusu inchi, changanya saruji 1 kwa udongo 18. Likifika inchi 1, saruji 1 kwa udongo 16. Likifika inchi 1 na nusu, 1 kwa 14. Likifika inchi 2, 1 kwa 12, na likizidi hapo ongeza mchanga kwanza, ujaribu tena. Jaribio hili halina gharama, na mtu anayekataa kulifanya kwa sababu "udongo wa kwetu naujua" huenda akaujua vizuri zaidi katika vuli ya kwanza.

Kuhusu maji ya kuchanganyia, finyanga donge mkononi, ulidondoshe kutoka kifuani lianguke mahali pagumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yatosha. Likibaki donge moja, yamezidi. Likiwa unga, yamepungua.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea sana. Fundi husema, "Zege limekauka, tuendelee." Saruji haipati nguvu kwa kukauka. Hupata nguvu kwa kunywa maji polepole, na jua kali la Februari huiharibu kama mvua kubwa iiharibuvyo. Mvua kubwa ikipiga zege bichi huosha saruji na kuacha kokoto tupu, kwa hiyo lifunikwe mara moja. Lakini likiisha kushika, manyunyu ni rafiki yake. Matofali yenye saruji yawekwe kivulini, yafunikwe kwa majani ya migomba au nailoni, na kunyunyiziwa maji siku 7, kisha yaachwe wiki tatu kabla ya kujengewa. Mwandishi wa somo hili aliwahi kujenga jiko kwa matofali ya siku nne, kwa haraka ya sherehe. Sherehe ilikuwa njema. Jiko halikuuona mwaka wa pili.

Ukuta usipandishwe zaidi ya futi 4 kwa siku moja, maana uzito wa kozi za juu hukamua udongo wa kozi za chini kabla haujashika. Timazi na pima maji vitumiwe kila kozi. Na kila jioni, hata kama mbingu ni nyeupe, kichwa cha ukuta kifunikwe kwa turubai, au nailoni, au majani ya migomba, na kukandamizwa kwa mawe. Kazi hii ni ya robo saa, na wapewe watoto wakubwa. Kama ukuta wa kipembe, ule uendao juu mpaka mgongo wa paa, umesimama peke yake, uegemezwe kwa miti pande zote mbili mpaka paa lipande.

Juu ya madirisha na milango uzungushwe mkanda wa zege wenye nondo, kuizunguka nyumba yote bila kukatika. Mkanda huo huifunga nyumba kama mshipi. Na kabla ya kuufikia, jambo moja lisisahauliwe, nalo ni vifungo vya paa. Upepo wa dhoruba hausukumi paa chini, hulinyakua juu. Mbao zilizopigiliwa juu ya ukuta kwa misumari michache huondoka pamoja na mabati, na mabati yarukayo hukata watu na mifugo. Basi waya mnene au ukanda wa chuma ujengewe ndani ya ukuta, kozi 5 chini ya mwisho, mmoja kila futi 4 hivi, ncha zake zikibaki nje juu. Ncha hizo zizungushwe juu ya mbao za paa na kukazwa. Hapo upepo utakaotaka kulichukua paa utalazimika kuuinua na ukuta. Vifungo hivi haviwezi kutiwa baada ya ukuta kwisha, na ndiyo sababu twavitaja kwa mkazo.

Misumari ya mabati ipigiliwe juu ya mgongo wa wimbi, si katika bonde ambamo maji hupita. Upande wa bati unaolalia mwenzake uelekezwe mbali na kule upepo wa mvua unakotoka. Upenu wa futi 2 tuliouhesabu usipunguzwe kwa ajili ya kuokoa mabati mawili, kwa maana huo ndio mwavuli wa ukuta.

Malipo ya fundi nayo yana uhusiano na mvua. Fundi anayelipwa kwa hesabu ya matofali hutaka kulaza matofali, naye hana hasara ukuta ukinyeshewa. Afadhali mpatane kwa hatua, msingi, ukuta mpaka mkanda, paa, na kila hatua ilipwe ikiisha kukaguliwa, na hatua ya ukuta isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka mbao za paa ziwe juu. Mapatano yaandikwe mbele ya shahidi, hata kama fundi ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Paa likiisha kupanda, yale maji tuliyoyaogopa miezi minne yageuka kuwa mali. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa letu la futi 34 kwa 24 lafunika karibu meta 75 za mraba. Mvua moja ya milimeta 20 yaleta lita 1,500. Tukitoa zinazorukia nje na zile za kwanza zenye vumbi tunazoziacha zimwagike, zaweza kubaki lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Msomaji mwanamume aulize nyumbani mwake ndoo 60 ni safari ngapi za mtoni. Mifereji ya bati chini ya upenu haina gharama kubwa ikilinganishwa na safari hizo. Lakini tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Kiti chake kijengwe kwa mawe juu ya ardhi iliyoshindiliwa, mbali kidogo na msingi wa nyumba, na maji yanayofurika yapelekwe kwa bomba mpaka migombani, yasimwagike penye ukuta. Migomba yenyewe isipandwe karibu na nyumba kuliko hatua tano, wala mikaratusi kuliko hatua ishirini.

Ukimaliza haya yote, nyumba haijajaribiwa bado. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza ya vuli, jamaa wakiwa wamelala, vaa koti, chukua taa, uizunguke nyumba polepole. Tazama maji yanapoanguka kutoka mifereji, yanapotuama, yanapojaribu kuurudia msingi. Kila mahali palipo na dimbwi choma kijiti. Asubuhi, kabla ya kwenda shambani, chukua jembe uvifuate vijiti.